Mbegu za mama mukwe

Katogota, siku ya tatu, mwezi wa kwanza 1956

Alizipika. Leo nimefukua mbegu za pamba mu shamba la mama mukwe wangu, nikaminya moja kwa kidole, ikapondeka kama viazi. Ndiyo maana hakuna hata moja iliota. Lakini maharagi aliyopanda kati ya mistari iko inasitawi!

Minye niko moniteur wa pamba. Kazi yangu ni kuandika jina la kila muntu mwenye shamba lake halina pamba, na mwenye kuandikwa anafungwa. Hii sheria inanichosha. Pamba hailiwe, na watoto wanalia njaa kila mwaka.

Mama alisimama pale na jembe, macho chini. Na minye macho chini, maana muntu hagombeze mama mukwe wake. Nikaandika: «Udongo mubaya.» Agronome, ule muzungu mukubwa wa kilimo, akituma watu kuupima, sijui nita…

Nyumbani nikamwambia bibi yangu:

— Mwambie mama yako, mwaka ujao asipike zote. Mustari wa karibu na barabara auache uote.

— Mumoja tu?

— Mumoja tu. Muzungu hashukake mu motokari.