Mama Hakusahau Kitu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kifua cha mdogo wao kimepona. Sisi huku miili haijambo. Mengine utayasoma.

Barua yako niliipata, na ile kalenda ya maandishi makubwa uliyomnunulia Mama imefika bila kukunjika. Nimeitundika chumbani mwake. Umeniandikia kwamba unamshukuru Mungu kwa kukupa dada kama mimi, na kwamba bila mimi Mama angeshateketea. Maneno hayo niliyasoma nikiwa nimesimama kaunta, pale duka la dawa, hadi mteja akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamjibu hapana. Kisha nikampa dawa ya kikohozi naye alitaka ya tumbo, ikabidi nimkimbilie mpaka barabarani.

Umeuliza hali ya Mama. Anakula, analala, na presha yake haina shida. Lakini yule mwanamke aliyekuwa akikanda unga wa mikate hamsini huku akigombana na wateja dirishani, huyo hayupo. Huyu ninayeishi naye ananiomba ruhusa ya kwenda kuoga. Akitaka kupika chai ananiita nije nimhakikishie kwamba yale ni majani ya chai. Ana daftari anamoandika kila kitu: nimemeza dawa, nimefunga bomba, binti ametoka saa mbili. Akimaliza kuandika analisoma tena, halafu anakwenda kulitazama bomba.

Unakumbuka ilivyoanza. Mchana ule kitambaa cha kushikia trei kilishika moto, na kinyozi wa jirani akaingia mbio na ndoo ya maji. Ukuta uliingia masizi, Mama akaungua vidole viwili. Mwenyewe alicheka, akasema kinyozi ametafuta kisingizio cha kuingia jikoni kwake miaka kumi, leo amekipata. Mimi sikucheka. Nawe kwenye simu ukaniambia Mama asikae tena peke yake, nifanye ninavyojua.

Nilimwomba ahamie kwangu, akakataa. Nikamwomba basi aache mikate. Akaniambia haombi ruhusa ya kuoka kwa mtoto aliyekuzwa na mikate hiyo hiyo. Akasema kama nataka kumsaidia, nimletee glavu nene za jikoni, na jioni nikitoka kazini nipitie kumwinulia gunia la unga, kwa sababu kilichochoka ni mgongo, si akili. Ndicho alichoomba, Kaka. Glavu, na mtu wa kuinua gunia.

Baada ya hapo nilikusimulia kwamba oveni iliharibika, kwamba Mama alianza kusahau sahau, na kwamba mwishowe akakubali mwenyewe kuhama. Sasa kaa kitako nikwambie ilivyokuwa.

Oveni haikuharibika. Nilichomoa fyuzi nikaitia kwenye mkoba wangu. Nilifikiri atachoka kungoja, ataacha taratibu, na mimi nitakuwa nimeepuka ugomvi. Lakini Mama unamjua. Alimpigia simu fundi umeme, wakapatana Jumanne. Nami nikampigia fundi huyo huyo nikamwambia asije. Jumanne ikapita, Mama akachemka, akashika simu ampe fundi vipande vyake. Hapo ndipo neno liliponitoka, wala sikuwa nimelipanga.

“Mama, si ulimpigia mwenyewe jana ukamwambia asije?”

Akanitazama. “Mimi?”

“Wewe. Nilikuwa nimekaa hapa hapa.”

Laiti angebisha. Aliweka simu chini, akakaa, akasema basi uzee umefika kweli. Mimi ndiye mwenye koti jeupe, mimi ndiye ninayewaeleza watu kutwa dawa zao na maradhi yao. Aache kuniamini mimi, amwamini nani? Kesho yake akanunua daftari. Wiki mbili baadaye nikamwambia kwamba Jumapili tulishakubaliana ahamie kwangu. Hatukuwa tumekubaliana lolote. Akalipekua daftari mbele na nyuma, asione kitu, akasema labda alisahau kuandika. Akaanza kukunja nguo zake.

Ningeweza kukwambia nilifanya hivyo kwa hofu, na hofu ilikuwepo. Lakini mara ya pili nilirudia kwa sababu mara ya kwanza ilikuwa rahisi.

Mwezi uliopita nilimpeleka kwa daktari. Alimuuliza maswali mengi, akampa maneno ya kukariri, akamfanyisha hesabu. Kisha akaniita kando, akasema kumbukumbu ya Mama haina kasoro, ila ana hofu kubwa. Akaniuliza ni nani aliyemtisha.

Ijumaa nilimrudisha Mama nyumbani kwake. Nikaipachika fyuzi mbele ya macho yake, taa ya oveni ikawaka. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, la fundi na la Jumapili. Nilitegemea kofi. Nililitamani. Yeye akanishika kichwa, akasema, “Mwanangu, una moyo mzuri. Unajitwika kosa ili mimi nisione aibu.”

Nikaapa. Nikalia. Akanibembeleza. Nikampigia yule fundi, nikaiweka simu kwenye spika ili Mama asikie mwenyewe, na fundi akaeleza kwamba ni mimi niliyemzuia. Mama akamshukuru kwa adabu. Simu ilipokatika akaniambia nimempanga vizuri. Kisha akaizima oveni, akaigusa swichi mara tatu, akaomba turudi nyumbani. Alimaanisha kwangu.

Njoo, Kaka. Ukija kunigombeza, gombeza, ni haki yako. Ila huenda wewe atakusadiki, kwa kuwa mimi nimeshautumia ukweli wangu wote. Na kabla hujaja, ukipiga simu, acha kumsemesha polepole kama mtoto mchanga. Anasikia vizuri. Kila neno unalolivuta linamwonyesha kwamba hata wewe unajua ameharibikiwa. Wala usijitoe kabisa kwenye kosa hili. Uliponiambia nifanye ninavyojua, hukuniuliza ninajua nini, na hukumuuliza Mama anataka nini. Mimi nilimuuliza, akanijibu, nami nikafanya nilichotaka.

Nisalimie wifi na uwabusu watoto. Kinyozi naye anakusalimu, na kila nikipita ananiuliza mikate itarudi lini.

Mama anakusalimu sana. Alinituma salamu hizi asubuhi, kisha mchana akaja kuniuliza kama kweli alinituma. Nikamwambia ndiyo, Mama, umenituma. Hilo aliniamini.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku