Kioo Kilichojaa Maandishi

Mirriah, 4 Desemba 1999

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mwanangu Laminu, assalamu alaykum. Sisi tu wazima, na shukrani zote ni za Mola. Mama yako anauliza habari ya kifua chako. Umeniandikia kwamba unapopakia abiria kutoka Maradi hadi Tessaoua, upepo hukusukuma kifua hadi jioni pumzi haishuki, na kwamba fundi mmoja anauza kioo kidogo cha plastiki cha kufunga mbele ya pikipiki. Kinunue, ukijaribu, kisha unieleze ukweli wake.

Baba yako,
Malam Sanda

Maradi, 21 Desemba 1999

Baba, wa alaykum salaam. Shikamoo hii naitoa nimechuchumaa kama niko mbele yako. Habari za Mama? Na wanafunzi wako wa Kurani?

Kioo kinasaidia. Sasa nafika Tessaoua bila kukohoa. Tatizo ni kwamba ni kifupi: upepo ulioacha kifua unaruka ukingo wake na kunipiga usoni hadi macho yanatoka machozi. Nikiinama nyuma yake, kimya kabisa. Ousseini, mwenzangu wa kijiweni, ananicheka: “Laminu, hiyo sahani ya ugali wa tuwo umeifunga mbele ili ule njiani?” Nikamwambia yeye ale vumbi lake.

Nakituma kwa dereva wa lori. Naomba unitilie kinga.

Mwanao,
Laminu

Mirriah, 6 Januari 2000

Mwanangu, amani ikufikie. Afya zetu ni njema.

Nimekuandikia Ayatul Kursiy kwa wino wa masizi na gundi ya mgunga, nikarudia mara tatu hata uso wote wa kioo ukajaa. Dereva yuleyule anakurudishia; usiyafute maandishi. Wajua kwamba maneno haya huoshwa yakanywewa, wala hayamwagwi chini. Upepo ukikuzidi, inama nyuma ya kioo.

Baba yako,
Malam Sanda

Maradi, 11 Machi 2000

Baba, shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Sijambo, ila bega limevunjika.

Asubuhi ile upepo ulikuwa mkali. Nikainama. Mbele kulikuwa na mkokoteni wa punda, sikuuona. Nilikuwa nimempakia Tasalla, muuza karanga, mama wa watoto wanne. Amefariki palepale.

Polisi aliinua kioo kwenye jua akaniuliza, “We kijana, ulikuwa unaona nini humu? Mbona hukufuta?” Ndugu zake Tasalla wanasema nilikuwa nimelewa. Nimewaacha waseme.

Sikukutaja, Baba. Sitakutaja. Kioo hakikuvunjika, kipo chini ya kitanda.

Mwanao,
Laminu

Mirriah, 17 Machi 2000

Mwanangu Laminu, assalamu alaykum. Siulizi hali yako, kwa kuwa naijua.

Miaka arobaini nimeandika juu ya mbao za wanafunzi. Kilipoletwa mkononi mwangu kitu cha kutazamia, nikakifanya ubao. Kisha nikakuamuru uiname. Wewe ulitii.

Kesho napanda gari la asubuhi. Nitakwenda kwa ndugu zake Tasalla, kisha kwa polisi, na nitasema kwa kinywa changu ni mkono wa nani uliokujazia kioo maandishi. Usinizuie, wala usinisitiri tena.

Kioo usikiguse. Nitakiosha mwenyewe mbele ya watoto wa Tasalla, na maji yale nitayanywa mimi.

Mola amrehemu Tasalla, awalee wanawe. Akuponye wewe usomaye barua hii, na aijaze nyumba yako utulivu ambao mimi nimeiondolea nyumba ya wengine. Amin.

Baba yako,
Sanda