Kisigino cha Mtoto wa Happiness

Jumanne. Mawingu tangu asubuhi, mlima haujajionyesha, na mimi nimerudi nyumbani, mtaani kwetu Soweto, na swali ambalo halitaki kunitoka.

Kwanza niungame. Leo nimeandika namba ya uongo kwenye faili la mtoto mchanga. Sikukusudia, lakini mwandiko ni wangu.

Mtoto ni wa Happiness, aliyejifungua jana kwa upasuaji. Ana kilo mbili na kidogo. Watoto wadogo hivi sisi manesi tunawapima sukari palepale kitandani, maana ikishuka sana bila kutibiwa inaweza kuharibu ubongo. Unachoma kisigino, unagusisha tone la damu kwenye kipimo, namba inatokea. Nimefanya kazi hii miaka sita.

Saa nne nilimkuta amepakatwa na bibi yake, mama mkwe wa Happiness, aliyekuja kutoka Tarakea na kikapu cha ndizi mbivu. Nikamwamkia shikamoo, nikafuta kisigino kwa pamba ya spiriti, nikachoma. Sita nukta nane. Nikaandika, nikamwambia bibi kwamba mtoto yuko vizuri.

"Vizuri gani, mwanangu?" akasema. "Mimi nimelea saba. Huyu hanyonyi, amelegea, na tazama mikono inavyotetemeka."

Nilikasirika kidogo, nakiri. Kipimo kimeshasema, bibi naye anataka kusema. Nikasogea kitanda cha pili.

Ila nina ugonjwa wa kudadisi. Mtoto hajanyonya tangu alfajiri, sukari yote hiyo kaitoa wapi? Nikageuka. Bibi alikuwa anammenyea mkwewe ndizi. Alipomaliza akarudisha kiganja chake kwenye nyayo za mtoto kuzipasha joto, kama alivyofanya asubuhi nzima.

Viganja vile vilikuwa vinanata ndizi.

Nikaosha ule mguu wa pili kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, nikaukausha vizuri, nikachoma upya. Moja nukta tatu.

Nilikimbia. Daktari akaja, mtoto akapewa sukari ya mshipani, Happiness akasaidiwa kukamua maziwa. Nusu saa baadaye ikasoma tatu nukta moja, hatari imepita. Mchana akanyonya mwenyewe, tena kwa fujo, na bibi akasema maneno ya Kichagga ambayo sikuyaelewa. Mimi ni mtoto wa mashamba ya miwa, Kichagga changu kinaishia kwenye salamu. Lakini alikuwa anacheka.

Saa ya chai sikunywa chai. Nilimenya ndizi, nikajipaka kidoleni, nikafuta kwa spiriti kama ninavyofuta siku zote, nikajichoma. Kumi na mbili! Nikanawa kwa sabuni, nikajichoma tena. Tano. Yaani pamba yangu ya spiriti inaacha utamu palepale ulipo, na damu ikipita juu yake inaubeba. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyepata hesabu. Halafu furaha ikaniishia.

Nikaenda kumweleza bibi. Akatazama viganja vyake.

"Basi ni mimi?"

Hapana bibi, nikamwambia, ni mimi. Wewe ulimwangalia mtoto, mimi nikaangalia namba.

Nimeikata ile namba kwa mstari mmoja, nikaandika sababu, nikatia sahihi. Nimemwambia mkuu wa wodi. Kuanzia kesho kwenye toroli langu kuna beseni na sabuni, na anayetaka kunicheka anicheke.

Mtoto wa Happiness alikuwa na bibi mbishi. Wale wengine wa miaka sita, niliofuta visigino vyao kwa pamba, nikaandika namba na kwenda zangu, walikuwa na nani?