Samadi ya Baba Kwenye Tangi la Samaki

Mshauri wangu mpendwa,

Ijumaa ya tarehe 22 Machi mwaka huu wa 2002 nilipoteza samaki kumi na saba kati ya ishirini na wawili, pamoja na zulia lote la majani lililokuwa chini ya tangi langu la kioo, na aliyefanya hivyo ni baba yangu mzazi, ndiyo maana nakuandikia wewe na siyo polisi.

Mimi nilianza na beseni moja la ndizi mbivu pale Bomang'ombe, leo nina nyumba ya wageni ya vyumba tisa hapa Moshi mjini, na tangi hilo la futi nne niliweka mapokezi kwa sababu mgeni akitazama samaki anasahau kulalamika kuhusu maji ya moto. Sina mtungi wa gesi ya kulishia majani wala taa za kisasa, nina taa moja ya tyubu na dirisha, basi. Mwezi wa kumi nilipanda vishina sitini vya yale majani madogo kama punje za ulezi, niliyaona kwenye gazeti la kizungu yametanda kama zulia, na kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu nilivihesabu mara kwa mara, Desemba vilikuwa hamsini na vinne, Januari arobaini na vitatu, tarehe 20 Machi ishirini na tisa, nakuandikia ili uone nilivyovitunza.

Baba, mzee Gabriel, aling'oa kahawa yake Kibosho bei ilipoanguka, mama akafariki, nikamleta kwangu apumzike, lakini hapumziki, kutwa yuko mbele ya tangi. "Mwanangu, haya majani yana njaa. Tazama njano hiyo." Nikamwambia, "Baba, hii siyo migomba." Akanijibu, "Na mgomba huanza hivyo hivyo." Basi siku nimekwenda Tarakea kununua mashuka, akaenda kwa jirani mwenye ng'ombe, akaleta makopo mawili ya samadi mbichi, akaishindilia kwenye mizizi kwa vidole vyake. Narudi nakuta maji kama pombe ya mbege, samaki matumbo juu, wageni watatu wameziba pua. Nikasema mbele yao, "Baba, hapa hujui kitu, rudi Kibosho kihambani ukalime." Akachukua kofia yake, hata chai hakumaliza.

Tangu hapo hajashuka tena mjini. Nikipeleka sukari inarudi. Kaka yangu Filemon ananiambia, "Dada, beba jani la isale ukamwombe mzee radhi." Nikamuuliza, isale hubebwa na aliyekosa, samaki wameuawa na mimi? Akasema, "Basi kaa na hesabu zako." Binti yangu Pamela anapata kipaimara Jumapili ya Pentekoste, tarehe 19 Mei, na ameshasema babu yake asipokuwepo hapigi picha na mtu.

Jovin, dereva wetu, anakwenda Nairobi Jumatatu ya tarehe 13, na muuzaji wa huko ana majani ya aina tatu: namba moja ni yale yale ya ulezi, namba mbili yanaitwa sagitaria, kama vitunguu vichanga, namba tatu ni mapana yana mistari, ukiyatazama ni isale kabisa. Nipande namba ngapi? Na baba aniombe radhi au nimwombe mimi? Nataka jibu kwenye gazeti la Jumamosi tarehe 11, bila mzunguko.

Eliona, Moshi

*

Dada Eliona,

Pole kwa samaki. Hao kumi na saba aliwaua mzee, na sitamtetea. Samadi mbichi ndani ya maji ni sumu, hata ingekuwa kijiko.

Lakini zulia? Soma barua yako mwenyewe. Ulipanda vishina sitini. Siku mbili kabla ya samadi vilibaki ishirini na tisa. Thelathini na kimoja vilikufa mikononi mwako, wewe ukiwa na kalamu. Mzee ameua ishirini na tisa. Umemzidi kwa viwili, mama wa hesabu! Na nyumba nzima ni yeye peke yake aliyeona kwamba majani yana njaa. Alikosea chakula, ugonjwa aliujua. Wewe ukamjibu kwa kumfukuza mbele ya wapangaji wa usiku mmoja.

Sasa sikiliza. Namba moja achana nayo, inataka gesi na taa kali ambazo huna. Mwambie Jovin alete namba mbili, vishina ishirini vinatosha. Sagitaria haina maringo, inatambaa yenyewe chini ya mchanga na kutoa watoto, na kwa tyubu yako na dirisha itafunika tangi kwa miezi sita hivi. Chini weka udongo mweusi uliokwisha kuoza, uliochekechwa, unene wa kidole gumba, na juu yake mchanga wa mto uliooshwa, unene wa vidole vitatu. Acha nafasi ya vidole vinne kati ya kishina na kishina. Taa iwake kwa muda wa saa nane kila siku. Samaki wapya usiingize kabla ya wiki sita.

Udongo huo usinunue. Uko kihambani Kibosho, chini ya migomba, na anayejua ni kona ipi udongo umekomaa ni mzee Gabriel. Ndiyo njaa aliyotaka kuitibu, ila safari hii kwa dawa yake.

Namba tatu usiagize. Ni jamaa ya isale kweli, wauzaji wanaiuza kama mmea wa majini na inaoza baada ya miezi michache. Isale ni la nchi kavu, na mpakani mwa kihamba chenu limejaa. Chuma jani moja ukifika, kabla hujaingia uani. Samaki ni kosa la baba, atalisema mwenyewe akitaka. Maneno yale mbele ya wageni ni kosa lako, na jani unabeba wewe. Sukari mwachie Filemon.

Umenipa siku, nami nakupa yako. Alhamisi tarehe 16, kabla ya saa kumi jioni, lete karatasi yenye jibu moja dirishani kwetu hapa gazetini. Sitaki maelezo wala hesabu. Umekwenda Kibosho, au hujakwenda?