Pembe ya Dimtu

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Leo nimekuwa dada! Miaka mitatu mdogo wangu Issack ananiita fundi wa mizoga mbele ya rafiki zake. Eti nanuka. Eti hakuna mwanamume atakayeoa mwanamke anayechemsha pembe kwenye sufuria. Leo kaja na sauti ya asali — dada hivi, dada vile. Hodan, mchumba wake, ameona vidani vyangu kwenye simu. Anataka kimoja cha siku ya nikaha, Alhamisi ya wiki ijayo. Dhahabu anayo ya kwao. Anataka cha pembe, na katikati vile vishanga ninavyokata kwenye mitungi ya plastiki iliyopasuka.

Nikasema nitafikiria. Mama akanikata jicho. Haya, nitatengeneza. Si kwa ajili ya Issack! Msichana wa watu hajanikosea.

Jumatano, 13 Agosti

Pembe za Garsen wiki hii ni mbovu, za ng'ombe wadogo. Ukizibana kwenye ubao zinapasuka. Nimempigia Ubeid, dereva wa lori la mbuzi, anichukulie nyingine machinjioni, mjini Madogo. Anacheka, anasema mimi peke yangu duniani naagiza takataka kwa simu. Cheka tu, baba.

Mama hajatoka nje leo tena. Ni hivyo tangu mwezi jana, Issack alipoleta habari kwamba ng'ombe Dimtu amekufa malishoni Nanighi. Dimtu ni wangu. Nilipokatwa kitovu marehemu baba alinipa mtamba, kama anavyopewa mtoto kwetu, na Dimtu alikuwa wa mwisho wa uzao ule. Ng'ombe wa kitovu hauzwi bila mwenyewe kukubali. Issack alisema ukame haumuulizi mwenyewe. Nikalia kidogo, nikarudi kazini. Mama alilia zaidi yangu.

Ijumaa, 15 Agosti

Gunia limefika asubuhi. Pembe kumi na nne. Nazichambua, hii ya vikuku, hii ya hereni — ya saba nikaishika, nikaipeleka mwangani. Imeinama mbele kama inachungulia jicho. Na karibu na ncha, nukta tatu.

Nukta zangu! Nilizichoma mwenyewe kwa msumari wa moto, Dimtu akiwa mtamba. Ndilo pambo langu la kwanza maishani. Mama alinichapa siku hiyo.

Nimemkimbilia Ubeid pale anapopakia. Anaapa zote ni za machinjioni, mchinjaji alizikata kwa msumeno mbele yake, hakuna ya kuokotwa porini. Basi Dimtu alifika kwenye kisu akiwa mzima! Nani apeleke kibudu kwa Waislamu? Nani ale?

Issack, muongo wewe! Ng'ombe wa kitovu changu amegeuka mchele na sukari ya harusi yako! Nimetupa patasi ikapasua ndoo. Hasira haijapungua hata kidogo.

Jumapili, 17 Agosti

Ningempeleka Issack kwa wazee. Wangesema nini? Subiri harusi ipite, Dahabo, usituaibishe mbele ya wakwe. Harusi ikipita watasema yamepita. Nawajua.

Kwa hiyo nimewasha jiko. Nimechemsha pembe mpaka ikalainika, nikaibana, nikakata vipande tisa. Kile chenye nukta tatu nimekiweka katikati. Anayemvalisha bibi harusi ni mama. Nukta hizo anazijua. Ataziona, atapaza sauti, wote watasikia, na Issack atajibu hapo hapo, kanzu ikiwa mwilini!

Hodan, nisamehe. Lakini haki yangu nitaidai lini?

Jumanne, 19 Agosti

Msasa, majivu, mafuta. Kimekwisha. Kinapendeza mpaka kinaniudhi.

Issack kaja kukiona. Kauliza pembe za wapi. Madogo, nikasema. Akakiweka kidani chini upesi, akatoka.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimejifungia kwenye kibanda changu cha kazi. Huko nje wanaimba.

Nikaha ilipita salama. Tukaingia chumbani kwa bibi harusi, wanawake tele, Issack kasimama mlangoni na kanzu yake. Mama akakitoa kidani kwenye kitambaa. Kidole chake kikapita juu ya nukta — moja, mbili, tatu. Kikasimama. Nikangoja.

Hakupiga kelele. Hakuuliza. Hakumtafuta Issack kwa macho. Alinitazama mimi. Kisha akakigeuza kile kipande, nukta zikalala ndani, kwenye ngozi ya Hodan, akafunga. Akapiga vigelegele, wa kwanza kabla ya wote.

Alijua!

Mwezi mzima hatoki nje, nampelekea chai, nambembeleza, mama usilie, ni kazi ya Mungu. Kumbe ananikwepa! Walikaa wakapanga, mama na mwanawe, ng'ombe wangu auzwe, na mimi niambiwe ukame. Issack ningemwelewa, ni mpumbavu. Lakini wewe, mama? Wewe uliyekuwepo nikikatwa hicho kitovu?

Yuko mlangoni sasa. Anaita polepole. Dahabo, toka mwanangu, wakwe wamekipenda kidani, wanataka kumwona fundi. Hataji pembe. Nimemwambia kupitia mlango aseme kwanza, kwa mdomo wake, ile pembe ni ya nani.

Nasikia bangili zake kwenye ubao wa mlango. Hajaondoka, na hajasema.