Maua ya Sevda

Mwanangu Rumiana,

Pilipili hoho za akiba ya majira ya baridi nimeshazichoma, na kuku wazima. Jirani Minka ndiye anayeniandikia, usimcheke mwandiko.

Siku ya kufungua shule binti yako Sevda alimpelekea mwalimu maua ya bustani yetu. Maua ya madarasa mengine yalipangwa mezani. Ya darasa la watoto wetu Waroma, sisi wanaotuita Wajipsi, yaliachwa ndooni, mlango wa nyuma.

Kwenye kikao cha shule cha kujadili usawa nikauliza kwa nini watoto wetu wanatengwa darasa lao peke yao.

“Bibi, wale wengine wanashika haraka,” akasema mkuu wa shule.

“Na wetu umewafundisha lini ukaona wanachelewa?”

Wakanywa kahawa yao.

Jana nikimwagilia bustani, Sevda akaniambia, “Bibi, mwakani usinipandie maua.”

Mpigie simu wewe, mwanangu. Mimi niliendelea tu kuyamwagilia.

Mama yako mkaidi,
Ziumbiula