Niliwalilia Wakorea

Ijumaa, 27 Aprili 2018

Sikukuu. Saluni ninakosuka imefungwa. Nimefua gauni jeusi na kitambaa cheusi. Vimepauka, vinaelekea kijivu. Vitanivumilia mpaka Septemba.

Viongozi wa Korea mbili wamekutana leo. Mpaka wao ni kamstari kafupi ka saruji. Mmoja akavuka, kisha akamshika mwenzake mkono wakarudi kuvuka tena upande wa pili, wakicheka. Nimeangalia kwenye simu, kitandani, kabla ya chai. Marehemu mume wangu Bahati angeuliza kwa nini sisi kwetu tunapanga foleni daraja la Ruzizi nusu siku kuingia Rwanda na hawa wanaruka tu.

Kabla ya chai na kabla ya sala. Mjane gani huyu? Naona haya hata kuandika.

Jumapili, 6 Mei 2018

Kanisani. Wifi yangu Mama Esther alinikumbatia kwenye ngazi. Nilikakamaa. Waya wa simu ulikuwa chini ya kitambaa, sikio la kushoto, na nilikuwa sijauzima. Wimbo wa filamu ya Kikorea niliyokuwa naangalia na Bahati. Maneno siyaelewi. Mjane hasikilizi muziki mwaka mzima, ila nyimbo za kanisa. Najua. Yeye hajui.

"Unakonda, wifi," akasema. "Njoo kwangu Observatory ule sombe."

Nikasema amina. Kwa sombe, majani ya muhogo ya nyumbani.

Ni dada mkubwa wa Bahati, na hapa Johannesburg ndiye ukoo mzima. Mwaka ukiisha yeye ndiye ataniosha kichwa, atakata kitambaa cheusi, atanivika kitenge. Asipofanya yeye, hakuna wa kufanya. Nitabaki mweusi, na watu watajua kwa nini.

Maana kwenye matanga sikulia. Ilikuja Bukavu nzima iliyoko hapa, wanawake walilia mpaka sauti zikakatika, mimi nikawa napitisha chai. Mmoja alisema macho yangu ni ya chupa. Wifi alisikia. Hakunitetea, hakuniongezea. Mpaka leo sijui anafikiri nini.

Jumatano, 13 Juni 2018

Baridi ya kuuma meno. Nimerudia filamu yetu ya kwanza, ile ya familia inayouza tambi za supu. Jirani aliyehamia Durban ndiye aliyetuachia. Nasimamisha picha, nasoma maandishi ya chini neno kwa neno. Kiingereza changu ni cha kuombea njia. Zamani Bahati ndiye aliyenisomea, kwa Kiswahili chetu, kila mtu na sauti yake. Mama mkwe wa kwenye filamu alimpa sauti ya shangazi yake wa Kadutu. Baba alimpa sauti ya msimamizi wake wa kazi kule Newtown, alikokuwa analinda magari. Nilikuwa nacheka mpaka nashika mbavu.

Leo nimefika pale penye bibi wa familia ile. Bahati aliniambia bibi amechoka na baridi ya mjini, wanampeleka kwenye jua, mahali kama Uvira. Nilifurahi sana kwa ajili yake. Tangu hapo, tukiona bibi yeyote ameketi juani Joubert Park tulikuwa tunasema, huyo ni wa Uvira.

Nimesoma maandishi. Bibi alikufa.

Ile picha yenye utepe mweusi niliiona kwa macho yangu. Bahati alisema wamempiga picha ya kumuaga. Nikaamini. Na baadaye, kila walipomtaja, alisema bibi anasalimia, bibi amepata kuku, bibi ana magoti mazuri sasa.

Ulikuwa mwezi ule mama yangu alipofariki Bukavu na mimi sikuweza kusafiri.

Alhamisi, 14 Juni 2018

Hata kwa hilo sikulia. Nimesuka siku nzima. Huenda kweli ni chupa.

Jumatano, 22 Agosti 2018

Sitaki kuandika. Naandika.

Wifi alikuja kusuka, kuna harusi Jumamosi. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa. Televisheni ilikuwa kwenye habari. Wazee wa Korea waliotenganishwa na vita walipokuwa vijana wameruhusiwa kuonana siku chache, na leo ndiyo walikuwa wanaagana. Nilizifuata habari zao tangu Jumatatu. Mzee mmoja alikuwa ndani ya basi. Akaweka kiganja kwenye kioo. Nje, mama mmoja mfupi akanyoosha mkono wake akutane nao. Haukufika. Mtu akambeba juu.

Bahati alikuwa akienda kazini anapita kwetu saluni, hasemi neno, anabandika kiganja kwenye kioo, anakwenda. Mama Kapinga mwenye saluni alikuwa anampigia kelele: "Eish, Bahati! Huo ni mkono au ni mguu wa tembo? Utakuja kufuta lini?" Yeye bila kugeuka: "Ni sahihi yangu, Mama!"

Siku ile moyo wake uliposimama kazini, kiganja nilikuwa nimeshakifuta. Gazeti na siki. Nilikisugua vizuri hasa. Kisha simu ikalia.

Leo kitana kiliniponyoka. Sikulia kama watu wanavyolia. Nilibweka. Wifi aliruka, akadhani simu imetoka nyumbani. "Nani? Nani amekufa?"

Mama Kapinga, bila nia mbaya, akasema: "Hakuna aliyekufa. Ni Wakorea wake hao."

Mteja mmoja akacheka. Wifi akaangalia televisheni, akaniangalia mimi.

"Kwa kaka yangu uligawia watu chai. Hawa Wachina unawamwagia mto."

Na mimi, Mungu wangu, mimi nikajibu: "Si Wachina, wifi. Ni Wakorea."

Katika maneno yote ya dunia.

Alifunga kitambaa juu ya kichwa nusu akatoka.

Alhamisi, 23 Agosti 2018

Mama Kapinga ameniletea habari pamoja na maandazi. Wifi amekataa kunitoa matanga. Amesema nivuliwe na Wakorea.

Sina hasira naye. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Labda nisingefikiria maneno mazuri hivyo.

Jumapili, 2 Septemba 2018

Wifi amehama benchi. Harusini alikwenda na kilemba kikubwa, watu wote wakajua sababu ya kilemba. Nimekaa nyuma karibu na mlango. Nimefuta nyimbo zote kwenye simu. Filamu ya tambi imenishinda kufuta.

Jumamosi, 8 Septemba 2018

Nilipanda kwenda Observatory na kitana, nywele na simu. Kilima kile. Mara mbili nilitaka kurudi.

Alifungua mlango. Hakuniambia karibu, ila hakuufunga.

"Nimekuja kumaliza kichwa," nikasema.

"Nusu nilishaifumua."

"Basi naanza."

Akaketi. Msusi husimama nyuma ya mtu, haonekani uso. Hilo lilinisaidia. Niliegemeza simu kwenye sufuria, nikafungua filamu.

"Umeniletea Wachina mpaka nyumbani?"

Safari hii sikumsahihisha. Nikaanza kusoma. Nilisoma kama Bahati. Mama mkwe alipofungua mdomo nikampa sauti ya Kadutu, ile ya kuvuta pua, ya kulalamikia chumvi. Mabega ya wifi yakasimama.

"Huyo ni shangazi Nabintu."

"Ndiye."

"Hukumkuta. Alikufa hujaolewa. Nani amekufundisha?"

"Kaka yako. Kila jioni."

Akacheka, akatikisa kichwa chote, mstari ukanipotea na ikabidi nianze upya. Akataka nirudie. Nikarudia. Aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

Tukafika kwa bibi. Kitanda, watoto wamezunguka. Maandishi yalikuwa pale chini, mafupi, hata mimi niliyasoma mara moja.

"Na huyu bibi?" akauliza. "Amekuwaje?"

Nikasema: "Amechoka na baridi. Wanampeleka Uvira. Kuna jua."

Wifi hakugeuka. Aliangalia simu mpaka picha ikabadilika.

"Mama yetu alipokufa," akasema, "Esther alikuwa mdogo. Bahati alimpakata akamwambia bibi yako amekwenda Uvira. Nilimgombeza sana. Nikamwambia, unamdanganya mtoto."

Ndipo nikamwambia habari ya kiganja. Gazeti, siki, yote. Machozi yalikuwa yananidondoka juu ya nywele zake na mikono imejaa, siwezi kufuta. Yeye pia mabega yalikuwa yanatikisika, na sasa si kwa kicheko.

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Suka, wifi. Usivute sana hapo kwenye sikio."

Jumapili, 23 Septemba 2018

Wifi amenimwagia maji kichwani asubuhi, nyuma ya nyumba yake. Yalikuwa baridi. Kitambaa cheusi amekikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni. Kitenge ni cha njano, kina ndege. Wanawake walipiga vigelegele. Nililia mbele yao wote, na nikaona haya kwamba nimechelewa mwaka.

Jumanne, 25 Septemba 2018

Kazini na kitenge. Mama Kapinga anasema nang'aa kama robot ya njano, taa ile ya barabarani, watu watasimama.

Wiki iliyopita viongozi wale walikutana tena, wakapanda mlima pamoja na wake zao. Nimesoma leo, baada ya sala na chai.

Nimesafisha kioo cha saluni. Mkono ulikuwa mzito, nimesafisha.

Mchana wifi ameandika kwenye simu: Bibi amefika Uvira?

Nimemjibu: Amefika. Anasalimia.